Saa Moja ya Jimu Ina Dakika Ngapi?

Mwaka 2018 jarida la The Lancet Global Health lilichapisha utafiti wa wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) kuhusu jinsi watu wazima wa nchi 168 wanavyoushughulisha mwili. Kuwait ilishika mkia: watu 67 katika kila 100 hawakufikia kiwango cha chini kinachopendekezwa. Walioongoza ni Waganda, ambao wasiofikia kiwango hicho walikuwa asilimia 5.5 tu. Ukiamkia bombani Nakivale, nchini Uganda, takwimu hiyo haikushangazi. Jerikeni ya lita 20 ni kilo 20 za maji kabla hujahesabu plastiki yake, na mara nyingi inapanda mlima kichwani mwa msichana ambaye mwenyewe pengine hafiki kilo 45.

Hata hivyo jioni, majembe yakishawekwa, utawakuta vijana wa hukohuko wakipiga chuma. Nakivale ni makazi ya wakimbizi yaliyopo wilayani Isingiro tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na Waethiopia wana mitaa yao humo, ila jimu ya uani haina taifa. Vifaa vyake ni vilevile vya uswahilini popote Afrika Mashariki: bomba la chuma, mikebe miwili ya rangi iliyojazwa zege, na benchi la mbao lililogongwa misumari kwa haraka. Mkebe wa lita 4 ukijaa zege hukaribia kilo 10, lakini zege lenyewe limekorogwa kwa kukadiria, kwa hiyo upande mmoja huwa mzito na wenyeji wanaujua. Mjini Mbarara jimu ina vioo, muziki, mashine za kukimbilia na ada ya kila mwezi. Swali ni moja kote kuwili: nikae muda gani? Na jibu la kijiweni ni lilelile pia: saa moja, ikibidi saa moja na nusu, na ukitoka hujalowa jasho basi hukufanya kitu.

Mimi saa hiyo naitilia shaka. Seti moja ya marudio kumi huchukua nusu dakika, ikizidi sana dakika moja. Aliyepiga seti 12 kwa saa nzima amekishika chuma kwa dakika zisizozidi 12. Zilizobaki ni kupumzika, kusubiri zamu, kupiga soga na, kwa Mbarara, kujipiga picha kiooni.

Sisemi kupumzika ni hasara. Msuli unaonyanyua kitu kizito kwa sekunde chache hutumia akiba ya kemikali iitwayo fosfokreatini, ambayo huisha upesi na huhitaji dakika tatu hadi tano kujaa tena. Mwaka 2016 Brad Schoenfeld, mtafiti wa Lehman College jijini New York, na wenzake waliwalinganisha wanyanyuaji waliopumzika dakika moja baina ya seti na waliopumzika tatu. Wa dakika tatu walipata nguvu zaidi na misuli minene zaidi. Hapo jimu ya uani inaipiku ya mjini bila hata kujua. Watu wanne wakigawana chuma kimoja, kila mmoja dakika yake pamoja na kupokezana, zamu yako inarudi baada ya dakika tatu. Foleni inafanya kazi ambayo mjini hufanywa na saa ya simu.

Mwaka 2019 Schoenfeld na wenzake walirudi na jaribio linalojibu swali letu moja kwa moja. Wanaume 34 waliokwisha kuzoea vyuma waligawanywa makundi matatu: seti moja kwa kila zoezi, seti tatu, na seti tano. Walifanya mara tatu kwa wiki, wiki nane. Kundi la kwanza lilimaliza kwa dakika 13 hivi, la pili 40, la tatu 68. Nguvu ziliongezeka karibu sawa kwa wote! Tofauti ilijitokeza kwenye unene wa misuli, ambako waliopiga seti nyingi waliwaacha wenzao. Kwa hiyo anayetaka nguvu za kubebea magunia na anayetaka kifua cha kujaza fulana hawana sababu ya kukaa jimu muda sawa. Sharti lililofichika ndani ya dakika hizo 13 ni kwamba kila seti ilipigwa mpaka msuli ukagoma. Dakika 13 za kuchezea chuma hazikupi chochote.

Wapo wanaokuambia kwamba baada ya dakika 45 homoni zinashuka na misuli inaanza kujila. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, walipofuatilia homoni hizo, hawakuona uhusiano wowote kati ya testosteroni inayopanda kwa muda baada ya mazoezi na misuli kukua.

Tatizo halisi la chuma cha zege ni kwamba hakiongezeki. Mwezi wa kwanza kinakutoa jasho, mwezi wa nne unakinyanyua huku unaongea. Unaweza kuongeza marudio, maana mwaka 2012 watafiti wa McMaster walionyesha kuwa hata uzito mwepesi hukuza misuli ukiurudia mpaka uchoke kabisa, lakini hapo muda unarefuka. Mimi ningerudi kwa jerikeni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo unaanza na 10, wiki ijayo 11, halafu 12. Hakuna zege linaloweza hivyo, na ukimaliza maji yanapikia.

Lakini kama mtu tayari amebeba maji, amelima na amesukuma baiskeli yenye mikungu ya matoke, bado anahitaji nini tena? Jibu limetoka Denmark, ambako Andreas Holtermann na wenzake walifuatilia zaidi ya watu 104,000 wa Copenhagen na kuchapisha matokeo mwaka 2021. Waliojishughulisha zaidi kwenye muda wao wa mapumziko walipata magonjwa ya moyo kwa uchache na walichelewa kufa. Waliofanya kazi nzito zaidi kazini mambo yao yalikwenda kinyume. Watafiti hao wanaelekeza kidole kwenye saa nyingi mfululizo bila pumziko: mapigo ya moyo hayateremki, shinikizo la damu halishuki, na mwili hauchagui lini usimame. Copenhagen si Isingiro, ila mantiki hiyo inamfaa mkulima kama inavyomfaa kuli. Aliyetoka shambani saa kumi jioni hana haja ya mbio za nusu saa. Seti chache nzito, mapumziko marefu, mara mbili kwa wiki, zinamtosha.

Halafu kuna sahani. Mgao wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) kwa wakimbizi nchini Uganda ulishushwa hadi asilimia 70 mwaka 2020, kisha 60 mwaka 2021, na umebanwa tena baadaye. Katika jaribio la Minnesota la miaka 1944 na 1945, Ancel Keys aliwapa wanaume 36 nusu ya chakula walichohitaji kwa miezi sita, huku wakitakiwa kutembea kilomita 35 kwa wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao, misuli ikiwemo. Kijana anayekula posho, yaani ugali, na maharage mara moja kwa siku akishinda saa mbili kwenye vyuma anaendeleza jaribio hilo bila mtafiti.

Karani wa Mbarara ana shida nyingine: amekaa tangu saa mbili asubuhi. Yeye jasho analihitaji, na WHO inamtaka afikishe dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 za mwendo wa kutweta. Tangu mwaka 2020 mwongozo huo hautaki tena zije kwa mafungu ya dakika kumi kumi. Watafiti wa chuo hicho hicho cha McMaster mwaka 2017 waliwapandisha ngazi wanawake wasiozoea mazoezi, mara tatu kwa sekunde 20 kwa kasi ya juu, ndani ya kipindi cha dakika kumi, siku tatu kwa wiki. Baada ya wiki sita pumzi zao zilikuwa zimeimarika. Jengo la ghorofa tatu linatosha, na siku lifti ikiwa mbovu huna hata haja ya kujishawishi.