Ufizi Ukitoka Damu, Usiweke Mswaki Kando



Hapa kwetu Shinyanga na Geita, mtu akiulizwa habari za meno yake mara nyingi hukuhesabia yale yaliyokwisha kung'olewa. Jino likiuma ataling'oa. Lisipouma, hana shida nalo. Lakini lipo jambo ambalo wengi wetu tunaliona asubuhi na kulipita. Tunapiga mswaki, tunatema mate, na mate yana damu. Wapo wanaosema mswaki ni mgumu. Wapo wanaouweka kando wiki nzima eti ufizi upone kwanza. Leo tuzungumze juu ya damu hiyo, kwa sababu watu wazima wengi hupoteza meno yasiyo na tundu hata moja kwa kuipuuza.

Kwanza tuelewe kinywa kilivyojengwa. Kuanzia ndani ya mashavu hadi chini ya ulimi, kinywa kimefunikwa kwa utando laini unaolowana mate saa zote. Utando huo ukifika kwenye meno huwa mgumu zaidi, na hapo ndipo tunauita ufizi. Chini ya ufizi upo mfupa wa taya, na kati ya mfupa na mzizi wa jino zipo nyuzi nyembamba nyingi zinazolishikilia jino mahali pake. Ufizi wenye afya ni mkavu wa damu, haukuvimba, na umeikumbatia shingo ya jino barabara. Rangi isikutishe: kwetu sisi watu weusi, fizi zenye weusi wa kuzaliwa nao si ugonjwa.

Ugonjwa wenyewe huanza kwa ukoga, ule utando unaonata kwenye meno. Ndani yake wamo vijidudu wengi sana. Usipoondolewa, hukauka na kuwa ugaga mgumu kama chokaa, ambao mswaki hauwezi kuubandua. Vijidudu huuchokoza ufizi, nao huvimba na kutoa damu. Katika hatua hii mtu hupona kabisa akisafisha vizuri. Ndiyo maana kuacha mswaki kwa kuogopa damu ni kuulisha ugonjwa.

Akiendelea kupuuza, ufizi huachana na jino, vijidudu huingia chini, na mfupa huanza kulika. Mdomo hunuka, usaha hutoka, jino hucheza. Mfupa uliokwisha kulika haurudi wenyewe. Daktari anaweza tu kuzuia uharibifu usiendelee. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa hata huo ukuta ni vigumu kuujenga. Mvuta sigara ajihadhari zaidi, maana tumbaku hupunguza damu kwenye fizi, hivyo ugonjwa unaweza kumla kimyakimya.

Sasa tuje machimboni. Kuanzia Nyarugusu na Rwamagasa hadi Mwakitolyo, wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma zebaki iondoke kama mvuke. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, na sehemu kubwa ya unaovutwa hubaki mwilini. Moja ya alama za zamani kabisa za sumu ya zebaki ni kinywa: fizi huvimba na kutoka damu, mate hujaa kupita kiasi, ladha ya chuma hukaa mdomoni, na meno hulegea. Pamoja na hayo huja mikono kutetemeka, usingizi kupotea na hasira za bure. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa waliwapima watu wa Rwamagasa, wakakuta dalili za sumu hiyo kwa baadhi ya wachomaji. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki mwaka 2020.

Kwa hiyo, ndugu mchimbaji, fizi zikitoka damu usimfiche daktari kazi yako. Mwambie unachoma dhahabu, unachomea wapi, na kwa muda gani. Asipojua hilo atakusafisha meno na kukurudisha kwenye moshi uleule. Tumia chombo cha kunasa mvuke, na kamwe usichomee jikoni penye mama mjamzito na watoto.

Zipo sababu nyingine. Ujauzito huzifanya fizi zivimbe kwa urahisi. Kisukari huuharakisha ugonjwa wa fizi. Utando mweupe mdomoni kwa mtu mzima, au vidonda visivyopona, vinaweza kuashiria kinga iliyoshuka, na kipimo cha virusi vya UKIMWI kitamsaidia kuanza dawa mapema. Kidonda chochote cha kinywani kinachozidi wiki mbili kionwe na mtaalamu, kwani saratani ya kinywa nayo huanza hivyo.

Na kwa mtoto mdogo aliyedhoofika kwa utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, kidonda cha ufizi kinachonuka ni dharura. Ugonjwa uitwao noma huanza hapo, na kwa siku chache unaweza kula shavu na kuua. Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mnamo Desemba 2023. Ukiwahiwa kwa dawa na chakula bora, hutibika.

Kinga haihitaji mfuko mnene. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, taratibu, hadi ufizi unapokutana na jino, na dawa ya meno iwe yenye madini ya floridi. Mswaki wa mti pia unafaa ukichongwa vizuri na kufika meno ya nyuma. Damu ikiendelea kwa wiki mbili huku unasafisha, nenda kituo cha afya ukaonwe. Usingoje jino liume, maana ugonjwa wa fizi mara nyingi hauumi mpaka jino limeshalegea.