Sura ya 4: Timu ya Mtu Mmoja

Julai 1932, katika mashindano ya riadha ya wanawake wa Marekani huko Evanston, Illinois, klabu iliyoshika nafasi ya pili ilipeleka wanariadha 22, ikaambulia pointi 22. Mabingwa walipata 30, na timu yao nzima ilikuwa msichana mmoja: Mildred Didrikson wa Texas, maarufu kama Babe. Alasiri moja alitoka kwenye tufe akaenda kwenye mkuki, mara viunzi, mara kuruka juu. Kati ya michezo minane aliyoingia, alishinda mitano peke yake, na mmoja akatoka sare.

Kwenye karatasi, Babe alikuwa karani wa kampuni ya bima mjini Dallas. Kanuni za wanamichezo wa ridhaa zilikataza kulipwa kwa kucheza, kwa hiyo kampuni iliyotaka mchezaji hodari wa kikapu ilimpa meza ya ofisini na mshahara wa ukarani. Kila mtu alijua, na hakuna aliyeuliza.

Kanuni ndizo zilizompangia maisha. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka huo huo, mwanamke hakuruhusiwa kuingia zaidi ya michezo mitatu. Akachukua dhahabu ya mkuki na ya viunzi vya mita 80. Katika kuruka juu alivuka urefu sawa na mwenzake Jean Shiley, lakini waamuzi wakasema kichwa chake kilitangulia mwili kupita juu ya ufito, akapewa fedha. Miezi michache baadaye picha yake ikatokea kwenye tangazo la gari, chama cha riadha kikamsimamisha. Mwanamke angeishi vipi kwa riadha ya kulipwa wakati ule? Babe alizunguka miji akicheza kikapu na besiboli za maonyesho, hata akapanda jukwaani kupiga kinanda cha mdomo.

Gofu ndiyo iliyomfaa. Nako alizuiwa kwa miaka kadhaa kucheza na wa ridhaa, akasubiri hadi 1943. Mwaka 1950 alikuwa miongoni mwa wanawake 13 walioanzisha LPGA, chama cha wachezaji wa kulipwa.

Mwaka 1953 aligundulika na saratani ya utumbo mpana, akapasuliwa na kutobolewa njia ya choo tumboni. Hakuificha saratani yake, enzi ambazo wengi waliitaja kwa kunong'ona. Mwaka uliofuata alitwaa ubingwa wa wazi wa wanawake wa Marekani kwa tofauti ya mikwaju 12. Alifariki Septemba 1956, akiwa na miaka 45. Kwangu mimi, ushindi ule wa 1954 unazizidi medali zake zote tatu za Los Angeles.