Jinsi Hindi Linavyopata Punje

Menya mahindi mabichi machache, uyatazame vizuri. Mengine yamejaa punje tangu mwanzo hadi mwisho. Mengine yana mapengo, yaani mahali pasipo na punje. Kwa nini mapengo hutokea? Ili kupata jibu, yatupasa kujua jinsi mmea wa mahindi unavyozaa.

Ua ni sehemu ya uzazi ya mmea. Ua la mharage lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Lakini mmea wa mahindi una maua ya aina mbili. Maua ya kiume yako kileleni, nayo huitwa mbelewele. Hutoa unga wa manjano uitwao chavua. Maua ya kike yako ubavuni mwa shina, katika hindi changa lililofunikwa kwa maganda. Kila ua la kike lina ovari moja, na kila ovari hutoa unywele mmoja mrefu. Ncha za nywele hizo hutokeza nje ya maganda.

Upepo uvumapo, chavua hupeperushwa na kuangukia nywele. Tendo hili huitwa uchavushaji. Chembe ya chavua ikisha kunasa, huota mrija mwembamba sana. Mrija huo hupita ndani ya unywele mpaka kwenye ovari. Hapo seli ya kiume huungana na seli ya kike. Muungano huu huitwa urutubishaji. Kisha ovari hukua na kuwa punje.

Basi, kila punje ina unywele wake. Unywele usiopata chavua hauleti punje. Mahali pake hubaki pengo. Ukame ukitokea wakati wa kuchanua, nywele huchelewa kutoka, na chavua huweza kwisha kabla yake. Vilevile, mahindi yaliyopandwa katika mstari mmoja tu hupata chavua kidogo, kwa sababu upepo huipeleka kando. Ni afadhali kupanda mistari kadhaa iliyo karibu karibu.

Jaribio

Chagua hindi changa moja ambalo nywele zake hazijatoka. Livike mfuko wa karatasi, ufunge vizuri. Usifunike mengine, maana ni chakula. Wakati wa mavuno, lifungue na ulilinganishe na hindi lisilofunikwa.

Maswali

1. Chavua hutoka wapi?
2. Kuna tofauti gani kati ya uchavushaji na urutubishaji?
3. Hindi lililofunikwa lina punje ngapi? Eleza sababu.