Mchora Katuni na Mihuri Yake

Sikilizeni, wanangu, niwasimulie habari za Saul Steinberg, mchora katuni ambaye maisha yake yote yaligeuzwa huku na huko na karatasi za serikali.

Alizaliwa mwaka 1914 huko Râmnicu Sărat, mji mdogo wa Romania, akakulia Bucharest. Baba yake alikuwa na kiwanda cha maboksi, kwa hiyo karatasi na gundi alizizoea tangu utotoni. Familia yao ilikuwa ya Kiyahudi, na katika Romania ya siku zile Myahudi hakuachwa aishi kwa raha. Mwaka 1933 kijana akaenda Milan, Italia, kusomea usanifu wa majengo, na miaka mitatu baadaye akaanza kuchora katuni katika gazeti la vichekesho lililoitwa Bertoldo. Watu wakacheka, jina likakua.

Halafu mwaka 1938 serikali ya Mussolini, mtawala wa Italia, ikatunga sheria za kuwabagua Wayahudi. Steinberg alimaliza masomo mwaka 1940, na cheti alichokabidhiwa nataka mkitazame vizuri. Kilitolewa kwa jina la mfalme wa Italia. Jina la mhitimu liliandikwa, na kando yake yakaongezwa maneno kwamba ni wa asili ya Kiyahudi. Kwa mkono mmoja wanampa shahada, kwa mkono wa pili wanamfungia mlango wa kazi! Baadaye sana Steinberg alieleza kwamba yule mfalme hakuwa tena mfalme, na yeye mwenyewe hakuwahi kuwa msanifu. Katika cheti kile kilichobaki kuwa kweli ni uyahudi wake tu.

Mwaka 1941 alikamatwa, akawekwa katika kambi ya kizuizini ya Tortoreto, hukohuko Italia. Alipoachiwa akapitia Lisbon, Ureno, akapanda meli ya New York. Alifika, lakini hakuingia. Marekani ilikuwa imeweka idadi ya watu wa kila nchi wanaoruhusiwa kuhamia kwa mwaka, na nafasi za Romania zilikuwa zimejaa. Akazuiwa katika kisiwa cha Ellis, jiji likiwa ng'ambo ya maji tu, kisha akapelekwa Jamhuri ya Dominika kungojea.

Huko akangojea akichora. Michoro ikawa inasafiri kwa posta kwenda palepale alipokataliwa mchoraji. Mwezi Oktoba 1941 jarida la The New Yorker likachapisha mchoro wake wa kwanza. Wagiriki wa kale walikuwa na kiumbe wa hadithi mwenye kiwiliwili cha mtu na miguu ya farasi. Katika katuni ya Steinberg, mwanafunzi wa sanaa amemchora kinyume, farasi juu na mtu chini, naye anajitetea kwamba si bado ni nusu mtu, nusu farasi? Jarida lilimsaidia kupata kibali, na mwaka 1942 akaingia Marekani. Mwaka uliofuata akapewa uraia na cheo katika jeshi la majini, akapelekwa China, India, Afrika Kaskazini na Italia, na kila alikokwenda akachora.

Mtu mwingine angezichukia karatasi za serikali maisha yake yote. Steinberg alizigeuza kuwa mchezo wake. Alitengeneza vyeti, shahada na pasipoti za kubuni, na mwaka 1947 alimtengenezea pasipoti mpigapicha maarufu wa Ufaransa, Henri Cartier-Bresson. Ukiitazama kwa mbali karatasi ya namna hiyo utasimama kwa heshima: mwandiko wa kujikunja, mihuri ya duara, sahihi yenye mikia mirefu. Sogeza macho karibu. Hakuna hata neno moja linalosomeka! Alama ya kidole gumba nayo aliitumia apendavyo, mara ikawa uso wa mtu, mara mandhari ya nchi. Mwaka 1954 akakiita kitabu chake kimoja The Passport, yaani pasipoti.

Mchoro unaojulikana kuliko yote ulitoka kwenye jalada la The New Yorker la tarehe 29 Machi 1976. Umesimama barabara ya 9 ya New York, unatazama magharibi. Mtaani magari na majengo yamechorwa kwa makini, unaweza hata kuhesabu madirisha. Inafuata barabara ya 10, kisha mto Hudson. Baada ya hapo Marekani yote iliyobaki ni kipande cha ardhi chenye majina machache, bahari ya Pasifiki haizidi sana ule mto, na China, Japani na Urusi ni vilima vidogo huko mwisho. Mkazi wa New York ndivyo anavyoiona dunia. Mimi naamini mzaliwa wa jiji lile asingeweza kuuchora mchoro huu. Ulihitaji mtu aliyewahi kukaa upande wa mbali wa maji.

Uliigwa duniani kote. Mwaka 1984 kampuni ya Columbia Pictures ilitoa filamu iitwayo Moscow on the Hudson, kuhusu mwanamuziki wa Urusi anayeomba hifadhi New York, na bango lake lilifanana mno na jalada lile. Steinberg akaenda mahakamani. Mwaka 1987, miaka 12 kabla ya kifo chake, jaji aliamua kwamba haki ya mchoraji imevunjwa.