Fahamu: Je, Wakenya wanafuata mwongozo wa lishe?

Mwaka 2017 Wizara ya Afya ya Kenya ilitoa mwongozo wa kitaifa wa lishe bora na mazoezi ya mwili. Unamtaka kila mtu ale mboga na matunda kila siku, maharagwe, kunde au dengu angalau mara 4 kwa wiki, na nyama, samaki au mayai angalau mara 2. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, yaani mafungu 5.

Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulikuta asilimia 94 ya watu wazima hawafikishi mafungu hayo. Sukuma wiki tunaila, tena sana. Shida ni kipimo: ugali umejaa sahani, mboga ni kijiko pembeni, tunda halipo kabisa. Bei nayo huamua. Mtu wa kibarua hununua kwanza kitakachoshibisha watoto, na kumlaumu ni kumwonea. Serikali ishughulikie bei ya matunda sokoni. Nawe mwenye kiuga kidogo, panda kunde, managu au terere, hata kwenye gunia la udongo.