Mpira Mmoja, Watoto Arobaini

Kipindi cha michezo kikipangwa saa nane mchana mjini Hola, mwalimu hubaki na njia mbili: awaketishe watoto chini ya mwarobaini, au awarudishe darasani kufanya hesabu. Simlaumu. Joto hapa huzidi nyuzi 30 karibu mwaka mzima, na mtoto aliyetoka likizo huhitaji wiki moja au mbili mwili wake uzoee kukimbia juani. Kosa ni la aliyeandika ratiba. Kipindi hiki kinafaa kuwa cha asubuhi, ndoo ya maji ya kunywa ikiwa kando.

Enzi za mfumo wa elimu wa 8-4-4, kuanzia 1985, somo la michezo lilikuwa kwenye ratiba lakini halikutahiniwa, na lisilotahiniwa humezwa. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, na Mtaala wa Umilisi umelipa somo hadhi. Mazoea yenyewe hayajahama.

Wazazi huniambia: mtoto wetu hutembea mbali kuja shuleni, akirudi achunge mbuzi, achote maji, mazoezi gani tena? Wana hoja, kwani moyo wake na miguu yake viko sawa. Ila kutembea hakumfundishi kurusha, kudaka, kusimama kwa mguu mmoja, wala kuanguka bila kuumia. Hayo hufundishwa kama herufi. Tena mfupa huimarika zaidi unaposhtuliwa kwa kishindo cha kuruka na kutua, na utoto na ubalehe ndio msimu wake wa kujijenga.

Sasa tazama tunavyofundisha. Watoto 40, mpira mmoja, dakika 35. Ishirini na wawili wanacheza, kumi na wanane wanashangilia, na kati ya hao wanaocheza wengi wanausubiri mpira usiofika. Wasichana mara nyingi wako miongoni mwa washangiliaji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 60 kwa siku za mwendo wa kumfanya mtoto aheme. Shule haiwezi kuzitoa zote, lakini hapo hata kumi hazipatikani.

Dawa yake haina gharama. Gawa darasa katika makundi ya watu sita, kila kundi na mpira wake wa karatasi na nailoni, wacheze kati: wawili wanarusha, walio katikati wanakwepa, anayeguswa anabadilishana na aliyerusha badala ya kwenda kukaa. Kundi jingine liruke kamba, mchezo ambao wasichana watawafundisha wavulana adabu. Mwezi wa Ramadhani, waliofunga wapewe kulenga shabaha na mazoezi ya kujinyoosha kivulini.

Kabla ya yote, uwanja ufagiliwe. Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa, umetapakaa Tana River, na mwiba wake hupenya soli ya ndala sembuse unyayo mtupu. Kuogelea nisingekutaja kamwe. Mto uko pale pale, lakini wenyewe ni mamba na viboko.

Mwalimu anayetaka kujipima achague mtoto mmoja, yule wa mwisho kuchaguliwa timu zinapogawanywa, amtazame na saa mkononi tangu kipindi kianze hadi kengele ilie, na ahesabu dakika ambazo mtoto huyo alikuwa anahema.