Mawe ya Rangi ya Ijumbi na Rutuba ya Kibanja

Zitajwapo habari za miamba ya rangi, wengi huwaza majangwa ya mbali, kama lile la kati ya Australia, ambako mwamba mwekundu wa Uluru umesimama mita 348 juu ya uwanda. Lakini msafiri atokaye Bukoba kwenda Ijumbi, wilayani Muleba, hahitaji kuvuka bahari. Nchi hiyo imejengwa juu ya mawe ya mchanga ambayo wanajiolojia wameyapa jina la Bukoba, nayo huonekana kwenye magenge na mahali vilima vilipochongwa kupitisha barabara.

Zamani sana, kabla Ziwa Viktoria halijakuwapo, maji yalileta mchanga ukatuama tabaka juu ya tabaka. Uzito uliushindilia, na madini yaliyoyeyuka majini yakaziunganisha chembe zake. Rangi ni kazi ya chuma. Chuma kikikutana na hewa hushika kutu: kutu kavu huwa nyekundu, na ile iliyoshikamana na maji huwa ya manjano. Maji yanapokiondoa chuma, jiwe hubaki jeupe.

Hapa ndipo Ijumbi inapoachana na jangwa. Uluru hupata mvua ya kiasi cha milimita 300 kwa mwaka. Bukoba hupata kama milimita 2,000. Jiwe la mchanga lina chakula kidogo cha mimea, na mvua hukisomba hicho kidogo chini ya mizizi. Ndiyo sababu rweya, yaani mbuga za nyasi vilimani, hutoa mavuno haba japo mvua ni tele.

Je, migomba na mibuni iliyostawi kando yake imepata wapi lishe? Kwa vizazi vingi Wahaya walikata nyasi za rweya wakazitandaza kibanjani. Ng'ombe walilishwa rweya mchana, usiku wakaacha samadi nyumbani. Hivyo rutuba ya eneo kubwa ilikusanywa katika eneo dogo. Udongo mweusi wa kibanja ni kazi ya mikono.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mawe ya volkeno huendelea kuulisha udongo. Jiwe la mchanga haliwezi. Ng'ombe wakipungua, na rweya ikichomwa moto au kupandwa mikaratusi, kibanja hukosa lishe huku mvua ikiendelea kusomba.

Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa makopo mawili yaliyotobolewa chini. Kopo moja litiwe udongo wa rweya, la pili wa kibanja, kisha yamiminiwe maji kwa kipimo kimoja. Wapime ni udongo upi unaoyashika maji zaidi, kisha wakaulize nyumbani samadi ilitiwa kibanjani lini mara ya mwisho.